MALORI YALIYOPITA RUSUMO
Nani aulize kabla askari hawajaongezwa?

(Haya ni maneno ya mwandalizi kijana wa chama, aliyoyasema mbele ya wanachama wa Ngara na Biharamulo waliokutana Benaco. Tumeyachapa kama yalivyosemwa, isipokuwa salamu ndefu za mwanzo.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana wenzangu mliosimama dirishani kwa uhaba wa viti,

Nimeagizwa niseme juu ya vita vya Kongo, na juu ya wabunge wa nchi za jirani waliopinga askari wao kuongezwa huko. Najua wamo humu wanaosema moyoni: Huyu mwalimu asiye na darasa atatuambia nini juu ya vita? Kazaliwa wakimbizi wa Rwanda wamekwisha kurudi kwao! Ni kweli, wazee wangu. Benaco iliyojaa watu nimehadithiwa tu. Basi nitaanza na jambo ambalo hata mimi nililiona kwa macho.

Tarehe 29 Aprili 2025 jeshi la nchi za SADC lilianza kuondoka Kongo Mashariki. Halikuondoka kwa ndege, maana uwanja wa Goma ulikuwa umefungwa na mji wenyewe ulikuwa mikononi mwa M23. Lilipewa njia ya kupita Rwanda. Likavuka daraja letu la Rusumo, likaja kwa barabara yetu hii kuelekea Chato, ambako wazee wa Biharamulo wanakujua vizuri, kwani kulikuwa sehemu ya wilaya yao kabla haijagawanywa. Wakuu wa jeshi la Afrika Kusini walisema kundi la kwanza lilikuwa na malori 13 na watu 57. Makundi mengine yakafuata. Mimi nilisimama kando ya barabara mwezi Mei pamoja na wauza ndizi na watoto wa shule. Malori yamefunikwa maturubai, vijana ndani wamekaa kimya, mmoja tu akatupungia mkono. Mzee aliyesimama karibu nami akaniuliza, "Mwanangu, hawa walishinda au walishindwa?"

Sikuwa na jibu. Nimekaa nikilitafuta, na haya ninayowaambia leo ndiyo niliyoyapata.

Jeshi hilo liliitwa SAMIDRC. Lilianza kuingia Kongo Desemba 2023, likiwa na askari wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania. Kazi yake ilikuwa kuisaidia Serikali ya Kongo kupambana na M23 na makundi mengine yenye silaha. Mwezi Februari 2024 Rais Cyril Ramaphosa aliliarifu Bunge lake kwamba askari 2,900 watatumika huko, kwa gharama ya randi bilioni 2 na ushei. Siku chache baadaye askari wawili wa Afrika Kusini wakauawa kwa kombora. Aprili 2024 ikawa zamu yetu: vijana watatu wa JWTZ waliuawa vivyo hivyo. Halafu likaja lile la Januari 2025, huko Sake na Goma. Afrika Kusini ilipoteza askari 14, wengine wakiwa chini ya jeshi la Umoja wa Mataifa. Malawi ilizika wake. Sisi tulizika wawili. Tarehe 27 Januari M23 waliingia Goma, na askari wa SADC wakabaki kambini mwao wamezungukwa, wala kutoka hawawezi.

Sasa fikirini. Watu wako wamezungukwa, na maiti zimerudi nyumbani kwa kupitia Uganda. Wewe mkubwa wa nchi utafanya nini? Mara nyingi wakubwa wa dunia hii hujibu kwa namna moja: ongeza. Na kweli, mapema mwezi Februari 2025 shirika la habari la Reuters liliandika kwamba Afrika Kusini imepeleka askari wengine kati ya 700 na 800 mpaka Lubumbashi, pamoja na vifaa vyao.

HAPO WABUNGE WAKAINUKA

Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 201, yamlazimu Rais kuliarifu Bunge mara anapotumia jeshi nje ya nchi: kwa sababu gani, mahali gani, watu wangapi, kwa muda gani. Mambo hayo si ya hiari. Basi mwezi ule wa Februari, Bunge la Cape Town liliijadili Kongo, na wajumbe wa kamati zake za ulinzi wakamhoji Waziri. Julius Malema na chama chake cha EFF walitaka askari warudi mara moja. Wajumbe wa DA, chama kilichokuwamo ndani ya serikali ile ile ya umoja wa kitaifa, nao walilaumu kwamba vijana walipelekwa vitani bila ulinzi wa angani na bila vifaa vya kutosha. Wengi walikumbuka Bangui, mwezi Machi 2013, ambako askari 13 wa Afrika Kusini waliuawa katika vita ambavyo wananchi kwao hawakujua hata kama vijana wao wamo.

Malawi haikungoja sana. Tarehe 5 Februari 2025 Rais Lazarus Chakwera aliamuru jeshi lake lianze kujitayarisha kutoka. Tarehe 8 wakuu wa SADC na wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Dar es Salaam, pamoja, jambo ambalo halikuwa la kawaida, wakataka mapigano yasimame na mazungumzo yaanze. Tarehe 13 Machi wakuu wa SADC wakalifuta lile jeshi. Hivyo ndivyo malori yalivyokuja kupita hapa.

Nisiwadanganye, ndugu zangu. Siwaambii kwamba wabunge ndio waliosimamisha jambo lile. Kuanguka kwa Goma kulisema kwa sauti kubwa kuliko mbunge yeyote. Wala siwaambii kwamba kila aliyeinuka siku ile alikuwa na huruma na yule askari. Wengine walikuwa wanatafuta kura, na mwanasiasa akiona jeneza huona pia kamera. Lakini swali jema halichafuki kwa sababu ya kinywa kilichoulizia. Yule waziri alilazimika kusimama na kujibu mbele ya watu. Wazazi wa Bloemfontein na Pretoria walisikia, kwa siku ile moja angalau, mtoto wao alikuwa amekwenda kufanya nini.

Jambo hili lina mifano mingine karibu nasi. Kenya, Katiba yake yataka Bunge likubali kabla majeshi hayajakwenda kulinda amani nje. Novemba 2022 Bunge la Nairobi lilikubali askari 903 waende Kongo, lakini kwanza liliambiwa gharama yake, na magazeti yakaiandika, kila Mkenya akaijua. Uganda nayo sheria yake yataka idhini ya Bunge. Hata hivyo Machi 2025 askari wa Uganda walikuwa wamekwisha kufika Juba, Sudan Kusini, ndipo Bunge likaombwa likubali. Likakubali, na wabunge wa upinzani wakanung'unika kwamba wanaitwa kubariki ndoa ambayo harusi yake imekwisha kuliwa. Maneno hayo ya harusi ni yangu, si yao, lakini maana ndiyo hiyo.

Na Uganda ina deni linaloeleza vizuri kuliko mimi. Mwaka 1998 majeshi yake yaliingia Kongo. Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaamua kwamba Uganda ilikiuka sheria. Februari 2022 mahakama hiyo ikaipangia fidia: dola milioni 325, kwa mafungu matano ya dola milioni 65 kila mwaka. Hesabuni wenyewe. Mtoto aliyezaliwa Mbarara siku askari wale walipovuka mpaka alikuwa mtu mzima, analipa kodi, wakati hukumu ile ilipokuja.

JE, ANAYEULIZA NI MSALITI?

Wiki iliyopita katika tawi moja, sitalitaja, ndugu yetu mmoja alisimama kwa hasira. Akasema wabunge wale wa Afrika Kusini waliwavunja moyo askari walio mstari wa mbele, na kwamba mtu anayeuliza habari za jeshi wakati wa vita anamsaidia adui. Akaniambia, "Mwalimu Nyerere angaliuliza-uliza hivyo, Amin angalikuwa Bukoba mpaka leo."

Nalishukuru swali lile, maana mimi ni mtoto wa Kagera na vita vile tunavitambua. Mwisho wa Oktoba 1978 Amin aliingia kaskazini ya mto Kagera, akatangaza kwamba ardhi ile ni yake. Mwalimu alipolihutubia taifa mwanzoni mwa Novemba alitaja mambo matatu ambayo kila mzee humu anayakumbuka: sababu, nia, na uwezo. Angalieni basi. Mwalimu hakusema tu twendeni. Yeye mwenyewe, Amiri Jeshi Mkuu, aliona yampasa kuwaambia wakulima wa Biharamulo kwamba sababu ipo na uwezo upo. Maswali yale aliyajibu kabla hajaulizwa. Ndiyo maana watu walitoa ng'ombe na magari, na wanamgambo wakajiandikisha. Sasa anayeuliza leo juu ya vita vya ugenini, "sababu ni ipi, na uwezo tunao?", amemsaliti nani?

Tena hapa ardhi yetu haikuvamiwa. Tofauti hiyo ni kubwa. Mtu akiingia shambani mwako huitishi mkutano wa ukoo kwanza. Lakini ukitaka kuwapeleka wanao wakaamue ugomvi wa nyumba ya tatu, mama yao hana budi kuulizwa.

Nia sina haja ya kuieleza sana. Vijana wetu waliokwenda Darfur, Lebanon, Afrika ya Kati na Kongo walikwenda kulinda watu, na wengine hawakurudi: saba waliuawa Darfur Julai 2013, na 14 waliuawa usiku mmoja, Desemba 2017, kambini Semuliki, Kivu ya Kaskazini. Hakuna anayetilia shaka nia yao.

Lakini uwezo, ndugu zangu! Hapo ndipo penye kidonda. Nawarudisha mwaka 2013. Umoja wa Mataifa uliunda kikosi maalum, kwa Azimio 2098 la Machi mwaka ule, kikiwa na askari wapatao 3,000 wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, nchi zile zile tatu, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Jenerali James Mwakibolwa. Walikuwa na helikopta za vita, walikuwa na amri iliyo wazi, na jeshi la Kongo lilipigana nao bega kwa bega. Novemba 2013 M23 walishindwa. Miaka kumi baadaye tumewarudisha watu wa nchi hizo hizo milima hiyo hiyo, adui ni yule yule lakini sasa ana silaha bora, na wao wana pungufu. Anayesema tuongeze, aseme kwanza ni nini kilichobadilika kutufaa sisi.

Na kwa nini M23 walirudi mwishoni mwa 2021, baada ya kupigwa vile? Kwa sababu mambo ya chini hayakuguswa: ardhi, madini, uraia wa Wakongo wanaosema Kinyarwanda, wauaji wa 1994 waliojificha misituni, na majirani wanaotia mkono. Hilo la majirani si langu. Baraza la Usalama, kwa Azimio 2773 la tarehe 21 Februari 2025, kwa sauti ya wajumbe wote 15, lililitaka jeshi la Rwanda liache kuwasaidia M23 na litoke Kongo. Serikali ya Rwanda imekana, ikisema yajilinda. Sisi wa Ngara tuna shangazi na wajomba ng'ambo zote mbili za mto, na mtu akisema Kihangaza mpaka Gitega au Kibungo hapotei. Kwa hiyo nawaomba sana, neno hili la serikali na serikali lisigeuzwe kuwa neno la kabila sokoni Kabanga. Tumekwisha kuona neno la namna hiyo linakofika.

SISI HAPA TUNAIJUA VITA KWA MIGUU YAKE

Mtu wa Dodoma aweza kuisoma vita gazetini. Kwetu huja kwa miguu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wa UNHCR walikadiria kwamba Wanyarwanda 250,000 walivuka Rusumo ndani ya saa 24. Mama yangu alikuwa msichana. Asema walipita mchana kutwa na usiku kucha, na asubuhi ilipofika mstari haujakatika. Mahali hapa tulipokaa pakawa mji mkubwa wa maturubai. Kuni zikaisha milimani, maji yakawa ya kupigania, na mpaka hii leo ukilima utaokota vifungo na vijiko. Warundi walikuja kabla yao, 1972 na 1993, na wakaja tena 2015. Desemba 2025, siku chache tu baada ya Marais wa Kongo na Rwanda kutia saini mapatano huko Washington, M23 waliingia Uvira, na maelfu kwa maelfu wakakimbilia Burundi. Kutoka Burundi mpaka Kabanga ni mwendo gani? Watoto wa darasa la nne wanajua.

Nayasema haya kwa kuwa wako wanaofikiri anayepinga kuongeza askari hawajali Wakongo. La. Mimi nimelala mara nyingi nikiwaza juu ya akina mama wa Goma walioachwa malori yalipoondoka, na sina jibu la kuwapa. Kuondoka nako kuna majeruhi wake. Ninalosema ni kwamba vita ikiongezwa bila sababu kuelezwa, bila hesabu na bila mwisho kutajwa, wa kwanza kupokea matunda yake baada ya Wakongo ni mtu wa Ngara.

Sheria yetu yasemaje? Nimesoma Katiba kwa taa, kwa hiyo mniwie radhi nikikosea kutamka vifungu. Ibara ya 44: Rais akitangaza hali ya vita, Spika ataliita Bunge ndani ya siku 14 lijadili kama litaunga mkono. Vizuri. Lakini kupeleka askari kulinda amani si kutangaza vita. Ibara ya 148 yampa Amiri Jeshi Mkuu uwezo wa kuliamuru jeshi ndani au nje ya Tanzania, wala haikutaja kura ya Bunge. Basi mbunge wetu hana ule mlango walio nao Wakenya. Anao mlango mwingine: kila mwaka Bunge hupitisha fedha za Wizara ya Ulinzi, nayo Kamati ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama huweza kumwita Waziri, hata kwa faragha kama siri ya jeshi yataka faragha. Mlango mdogo ni mlango.

Na diwani? Mtacheka. Mtasema diwani wa Rulenge na vita vya Kivu wapi na wapi. Nitawapa mfano wa mbali. Januari 2007 Rais Bush wa Marekani alitangaza kuongeza askari zaidi ya 20,000 Irak. Vermont ni jimbo dogo la milima na ng'ombe wa maziwa; bunge lake halina amri hata juu ya askari mmoja wa vita. Lakini vijana wa Vermont walikuwa wanakufa kule, basi mwezi uliofuata wajumbe wale walipitisha azimio kwamba warudishwe. Bush hakuwasikiliza. Askari waliongezwa, na wa mwisho walitoka Desemba 2011. Lakini azimio liliandikwa, na wazazi wa Vermont walijua nani alisema na nani alinyamaza. Baraza la madiwani la Ngara, lenye historia ya Benaco, lina haki ya kusema juu ya vita vya mipakani kuliko wale wafugaji wa Vermont juu ya Irak.

Ndugu Mwenyekiti, saa yangu imekwisha, naona wanitazama. Karatasi ninayo hapa, vijana wa matawi ya Nyakahura na Rusumo wamenisaidia kuiandika. Yauliza hivi: ikiwa askari wetu watatakiwa tena kwenda Kongo au kuongezwa, wabunge wa Ngara na Biharamulo waulize ni wangapi, kwa muda gani, chini ya amri ya nani, nani atawalinda kutoka angani, na njia ya kutoka ni ipi kabla ya kuingia. Kisha waulize habari ya mjane: alipwa nini, baada ya miezi mingapi, na nani humpeleka mtoto shule. Swali hili la mwisho liliongezwa na mama mmoja aliyeketi hapo nyuma, naye ana sababu yake.

Naomba karatasi isomwe kwa Kihangaza na kwa Kisubi pia, kwa ajili ya wazee, halafu atakayekubali aweke sahihi au dole gumba. Imfikie mbunge kabla ya kikao cha bajeti. Kalamu ziko kwa katibu, mbili tu, kwa hiyo tupange mstari.